Draivu na enkoda za winchi: ipi inunuliwe kwanza

Pampu ikizimika, maji yanasimama. Winchi ikishusha mzigo, mota inageuka jenereta, na hapo ndipo draivu ya kawaida, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, inapoumbuka.

Nafasi ya kwanza ni draivu ya vekta (inayodhibiti torki, yaani nguvu ya kuzungusha) inayosoma enkoda (kihisi cha mzunguko wa shafti), yenye programu ya kunyanyua: inajenga torki, inaithibitisha, ndipo inaachia breki. Hii hushika mzigo hata kwenye kasi sifuri. Ya pili, vekta bila enkoda, inatosha winchi ndogo. Ikikaribia sifuri huanza kubahatisha. V/f, inayopandisha volti sambamba na masafa tu, ibaki kwenye mota za kutembeza kreni.

Usinunue kwa kilowati. Mota ya kW 15, volti 400, hula takriban ampea 29, kwa hiyo draivu iweze kutoa 150%, kama ampea 44, kwa sekunde 60. Nyingine huandikwa kW 15 kwa kazi nyepesi, ambayo ni 110% tu. Soma safu ya kazi nzito kwenye jedwali la draivu.

Kwenye resista ya breki, inayogeuza umeme unaorudi kuwa joto, ndipo wengi hubana pesa. Mota hiyo ikishusha mzigo kamili, na mitambo ikiwa na ufanisi wa 85%, karibu kW 11 zinarudi. Ukishusha sekunde 60 katika kila dakika 2, wastani ni kW 5.5. Resista ya “kW 10” iliyopimwa kwa 10% ya muda inabeba kW 1 tu mfululizo. Itaungua, kisha draivu itakatika kwa volti kuzidi huku mzigo ukining'inia.

Kwa enkoda, chukua ya mapigo 1024 kwa mzunguko, HTL (aina ya ishara ya volti ya juu) ya volti 10–30, yenye njia za ishara A, B na vinyume vyake. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika ni kHz 25.6, kadi nyingi za enkoda kwenye draivu zinamudu. Mapigo 5000 ni mbwembwe. TTL, ishara ya volti 5, inafuata, maana kebo ikiwa ndefu volti hupungua njiani. Enkoda ya nafasi hufungwa kwenye ngoma kuonyesha kulabu ilipo. Haichukui kazi ya ile ya mota.

Enkoda yenye shafti ya tundu ishikwe kwa mkono unaonepa. Ukiikaza kwa bati gumu, shafti ikiyumba kidogo tu beringi zinakwisha.

Siku ya kuwasha, kulabu ikiwa tupu, endesha kwanza kwa V/f na usome kasi ya enkoda. Ikija na alama ya kutoa wakati mota inakwenda mbele, badilisha A na kinyume chake. Ukiruka hatua hii, kwenye vekta mota itanguruma, itambae, na ampea zitagonga kikomo.