Kutoka .22 hadi .17 HMR: risasi nilizotumia kwa kindi wa shamba la luseni, Idaho

Risasi iliyonifanya nibadili bunduki ilimkosa kindi. Ilikuwa .22 LR ya kawaida (namba kama hii ni upana wa risasi kwa inchi, herufi ni jina la aina yake), na kindi alikuwa amesimama wima juu ya kichuguu chake, yadi 70 hivi kutoka nilipolala. Ikampita kando ya sikio, ikagonga jiwe jeusi la volkano, nikaisikia ikidunda na kulia hewani kuelekea upande wa mabanda. Ng'ombe kama 40 walikuwa kule wakila. Hakuna aliyeguswa. Nikaifungua bunduki, nikatoa risasi zilizobaki, nikarudi nyumbani kwa miguu huku mikono inatetemeka.

Nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na mji wa Jerome, kusini mwa jimbo la Idaho, Marekani. Utotoni Kilosa nilikesha sana kwenye dungu nikiamia mpunga, kweleakwelea mchana na nguruwe usiku, kwa hiyo adui wa shamba si kitu kigeni kwangu. Huku adui ni kindi wa ardhini, mnyama mdogo wa kahawia anayechimba mashimo kila mahali kwenye luseni, majani tunayolishia ng'ombe. Wenyeji wamempa jina lenye maana ya nguruwe apigaye mluzi, kwa sababu akishtuka hupiga mluzi mkali na wenzake wote huzama. Hutoka ardhini Februari, theluji haijaisha, na kufika Juni au Julai wengi wameshajifukia hadi mwaka unaofuata. Katika miezi hiyo michache hula majani machanga, na udongo wanaoutoa hufikia visu vya mashine ya kukatia majani ukaviharibu. Bosi aliniuliza kama naweza kuwapunguza. Nikasema naweza, nikidhani bunduki ni bunduki tu.

Huu ni msimu wangu wa tatu. Nimetumia risasi za aina tatu kwa fedha yangu na kujaribu nyingine kwa kuazima. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta ushauri, karibu kila mtu alinitajia kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Hakuna aliyeniuliza shamba langu likoje: nalenga umbali gani, upepo unavuma vipi, na nyuma ya kindi kuna nini.

Nianze na .22 LR, kwa kuwa ndiyo kila mtu huanza nayo. Ni risasi ya mwaka 1887 na bado ndiyo rahisi kuliko zote. Nilikuwa nalipa kama senti 10 kwa moja. Kichwa chake, yaani ile sehemu inayoruka, kina greini 40 (greini moja ni kama miligramu 65, kwa hiyo ni gramu 2.6), na zile nilizotumia mimi, CCI Mini-Mag, hutoka mtutuni kwa futi 1,235 kwa sekunde. Ndani ya yadi 50 sina malalamiko. Tatizo linaanza hapo mbele. Ukiseti darubini ipige katikati kwenye yadi 50, kwenye yadi 100 risasi imeshashuka sentimita 15 hivi, na kindi mzima akisimama si mrefu sana kupita hapo. Ukikosea kidogo unampiga tumboni, naye hujikokota hadi shimoni kufia humo polepole. Nimewaona wakifanya hivyo, na sikupenda. Kuua mnyama kwa sababu ya shamba nakubali, kumtesa sikubali. Halafu kuna kudunda. Kichwa hiki kina mwendo mdogo na hakivunjiki kirahisi, na uwanda huu wa Mto Snake umejaa mawe ya lava. Kwa udongo laini wa bondeni pengine isingekuwa shida. Kwangu ilikuwa shida kubwa.

Baada ya siku ile nilinunua CZ 457 ya kukoki kwa mkono, ya .17 HMR. Risasi hii ililetwa na kampuni ya Hornady mwaka 2002. Walichukua ganda la .22 Magnum, ambalo lipo tangu 1959, wakalibana shingo ili lishike kichwa chembamba chenye kipenyo cha milimita 4.4. Kichwa kina greini 17 tu, gramu 1.1, lakini kinatoka kwa futi 2,550 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya .22 yangu. Puani kina ncha ndogo ya plastiki. Kikigusa kitu, ncha ile inasukumwa ndani na kichwa kinasambaratika. Ndicho nilichokuwa nakihitaji: kindi anakufa papo hapo, na risasi ikikosa ikapiga udongo au jiwe, mara nyingi inavunjika vipande vidogo badala ya kuruka nzima. Sisemi haidundi kamwe. Bado silengi upande wa mabanda hata siku moja, na sipigi kindi aliyesimama kileleni mwa tuta ambapo nyuma yake ni anga tupu. Lakini katika misimu miwili sijausikia tena ule mlio wa hewani.

Kwa umbali, nimeseti darubini yadi 100. Kwenye yadi 150 inashuka sentimita 6 au 7, kiasi ambacho macho yanazoea baada ya siku mbili. Kwenye yadi 200 imeshuka karibu sentimita 25, na huko mimi sifiki. Wapo wanaoipigisha mbali zaidi, ila kwangu bunduki hii mwisho wake ni yadi 150.

Kinachoishinda ni upepo. Mwezi wa Aprili upepo wa huku haupumziki. Upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa unakisogeza kichwa hiki sentimita 8 hivi kwenye yadi 100, na karibu sentimita 37 kwenye yadi 200. Mwili wa kindi aliyesimama hauzidi upana wa vidole vinne. Kuna asubuhi nilikosa mara saba mfululizo kwenye yadi 140, nikaanza kuilaumu darubini, kisha nikatazama nyasi za kando ya mfereji: zote zimelala upande mmoja. Tangu hapo nawinda kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Hilo limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kasoro nyingine ni bei. Boksi la risasi 50 nimekuwa nikilinunua kwa dola 16 hadi 19. Na katika boksi moja la kampuni ambayo sitaitaja, maganda manne yalitoka na nyufa shingoni baada ya kufyatuliwa. Ukinunua, toa risasi chache uzikague shingo kwenye mwanga kabla ya kwenda shambani.

Ya tatu ni .223 Remington. Hii sikuinunua kwa ajili ya kindi, ni kwa ajili ya koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, wanaozunguka ndama wachanga usiku na alfajiri. Ni risasi ya 1964, jamaa wa karibu wa ile ya jeshi ya 5.56, na inapatikana kila duka. Kichwa cha greini 55 hutoka kwa futi 3,240 kwa sekunde, na upepo ule ule wa maili 10 kwenye yadi 200 unakisogeza sentimita 10 tu. Kwa hiyo kwenye upande wa mbali wa shamba, ambako kuna ukingo mrefu wa udongo nyuma, naitumia pia kwa kindi. Karibu na nyumba siitumii: kelele zake huwatimua ng'ombe kutoka kwenye hori, na bei kwa risasi moja ni zaidi ya senti 50. Jambo moja muuzaji hakuniambia: angalia mifuo ya ndani ya mtutu. Mtutu wangu unakizungusha kichwa mara moja kila inchi 8, na unabeba vichwa vifupi na virefu. Bunduki za zamani za .223 nyingi huzungusha mara moja kila inchi 12, na hizo vichwa vizito na virefu huyumba, vikatua ovyo. Ukinunua bunduki ya mtu, muulize hili kwanza.

Mzee jirani, mkulima wa viazi, aliniazima .204 Ruger yake mchana mmoja. Nimeipenda kweli. Ni risasi ya mwaka 2004, kichwa cha greini 32 kwa futi 4,225 kwa sekunde, na inasukuma bega kidogo sana kiasi kwamba unaiona shabaha ikipigwa ndani ya darubini. Kwa .223 yangu mara nyingi picha inaruka na inabidi niulize nimempata au la. Mzee pia ana bunduki ya .22-250, risasi nyingine ya kasi, anayoisifia kwa yadi 300 na zaidi. Nilifyatua 20 kwa haraka, mtutu ukawa haugusiki. Yeye mwenyewe aliniambia risasi za kasi namna hii hula koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari, hivyo hupiga chache kisha huacha bunduki ipoe. Kwa shamba la ekari 80 kama letu, hiyo ni nguvu isiyo na kazi.

Sasa jambo ambalo linanigusa zaidi. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ya bunduki, na risasi ile madini mazito ya kijivu. Vichwa vingi nilivyovitaja vina madini hayo ndani, na vikisambaratika vinabaki kwenye nyama ya kindi. Magharibi mwetu, kwenye korongo la Mto Snake, kuna hifadhi ya ndege wawindaji iliyotengwa mwaka 1993, na kozi na tai huja hadi huku kutafuta mizoga. Ndege akimla kindi huyo anakula sumu. Kwa hiyo tangu mwaka jana natumia .17 HMR ya greini 15.5 isiyo na madini hayo, yaani risasi isiyo na risasi. Ni ghali zaidi kidogo, na kwenye bunduki yangu shabaha yake ni ile ile hadi yadi 120. Mizoga naikusanya na kuifukia kwa koleo, wala siishiki kwa mikono mitupu. Mwaka 2015 tauni ilithibitishwa kwa kindi wa ardhini karibu na Boise, mji mkuu wa jimbo, na viroboto wao ndio wanaoieneza. Mbwa wangu hufungwa siku ninazowinda.

Kwa ndugu zetu wa Twin Falls na Boise, hasa Wakongo walioniuliza kama wanaruhusiwa kununua bunduki: mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa ana sababu maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Pata leseni ya jimbo kwanza. Jua pia ni kindi gani unayemlenga, kwa kuwa yule aitwaye kindi wa Kaskazini mwa Idaho analindwa na sheria ya shirikisho tangu mwaka 2000.

Na ukichagua .17, siku hiyo hiyo nunua na ufito wake wa kusafishia. Ule wa .22 hauingii kwenye mtutu mwembamba namna hii. Mimi nilikaa wiki mbili bila kusafisha nikiusubiri kwa posta, na shabaha ilikuwa imeanza kutawanyika.