Zulia la Mkono au la Mashine? Tathmini ya Mazulia Yanayouzwa Tabora

Mazulia yenye michoro ya Kiajemi yamekuwa mengi katika maduka ya Tabora, na bei zake hutofautiana kwa kiasi ambacho mnunuzi hawezi kukielewa kwa kutazama uso wa zulia peke yake. Tathmini hii inahusu duka moja la mjini ambako nilikwenda kutafuta zulia la sebuleni la mita mbili kwa tatu. Jina la duka silitaji, kwa sababu kauli niliyoambiwa pale, kwamba mazulia yote yaliyotundikwa ukutani ni ya mkono na yametoka Iran, nimeisikia kwa wauzaji wengine pia, na ni kauli hiyo hasa ninayotaka kuipima. Bidhaa zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba mtu hutozwa thamani ya miezi ya kazi ya mikono kwa kitu kilichotoka kiwandani.

Zulia lililonivutia kwanza lilikuwa jekundu, lenye ua kubwa katikati na pindo la buluu iliyokoza. Kijana aliyekuwa akihudumia, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu na subira, alisema, "Mama, hili ni la mkono kabisa. Tazama matamvua yake." Matamvua ndiyo ushahidi unaotolewa mara nyingi zaidi, na ndiyo ushahidi dhaifu zaidi. Katika zulia la mkono, nyuzi za mtande, za pamba au za sufu, hukazwa kutoka juu hadi chini ya kitanda cha kufumia, mfumaji hufunga kila uzi wa rangi kwenye nyuzi mbili za mtande na kuukata, na safu inapokamilika hupitisha mshindio, yaani uzi unaokatisha mtande, na kuushindilia kwa chanuo zito. Zulia likishuka kitandani, ncha za mtande zinazobaki ndizo matamvua. Kwa hiyo ni sehemu ya mwili wa zulia wala hayawezi kung'oka bila zulia lenyewe kuanza kufumuka. Ya zulia lile jekundu yalikuwa yameshonewa kwa cherehani juu ya utepe mweupe, na mshono ulionekana mara tu nilipolikunja pindo. Hata hivyo, mnunuzi asikate shauri kwa hilo tu, kwa kuwa mashine nayo hutumia mtande na baadhi ya mazulia ya kiwandani hubaki na matamvua ya asili, wakati zulia kuukuu la mkono linaweza kuwa lilishonewa matamvua mapya baada ya yale ya kwanza kulika.

Hukumu ya kweli iko mgongoni. Niliomba zulia ligeuzwe, na ninamshauri kila mnunuzi asione haya kuomba hivyo. Mgongo wa zulia la mkono huonyesha mchoro uleule wa usoni kwa uwazi unaokaribia kulingana, na ukiinama utaona vifundo kimoja kimoja, vingine vimekaa juu kidogo, vingine vimebanwa, mistari ya mshindio ikipanda na kushuka kwa tofauti ndogo sana. Yeyote aliyewahi kuutazama kwa karibu mkeka wa ukindu uliosukwa na bibi mwenye ujuzi anaifahamu tofauti hiyo: mkono hodari huwa sawasawa bila kuwa kipimo kimoja. Mgongo wa zulia jekundu ulikuwa na mistari iliyonyooka kama ya daftari, yenye nafasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kati ya mistari hiyo ulionekana mshindio wa juti, nyuzi za kutengenezea magunia, wa rangi ya kahawia. Nilipoyatenganisha manyoya usoni kwa vidole viwili hadi kufikia shina, hapakuwa na kifundo chochote. Uzi ulipita chini ya mshindio na kurudi juu, ukishikiliwa na mbano peke yake.

Mashine za aina hiyo mara nyingi hufuma mazulia mawili kwa pamoja, nyuso zikitazamana, kisha kisu huyatenganisha. Ndiyo maana zulia la kiwandani huwa na pembe mraba kamili na upana usiobadilika, ilhali la mkono huweza kutofautiana kwa sentimita moja au mbili kati ya ncha na ncha, na rangi yake huweza kuwa na ukanda uliopauka kidogo pale mfumaji alipoanza uzi wa sufu uliotiwa rangi siku nyingine. Ukanda huo wengine huudhani kuwa kasoro na huomba wapunguziwe bei. Kwangu mimi ni miongoni mwa alama zinazonipa imani.

Vifundo vyenyewe ni vya aina mbili kuu. Cha Kituruki huzunguka nyuzi zote mbili za mtande, na ncha zake hutokea katikati yake. Cha Kiajemi huzunguka uzi mmoja kikamilifu na kupita nyuma ya wa pili. Mnunuzi hahitaji kuvitambua kwa jina, maana hata ndani ya Iran kwenyewe, mafundi wa Tabriz hutumia kile cha Kituruki. Anachohitaji ni rula. Ukihesabu vifundo 40 kwa upana wa sentimita 10 na 40 kwa urefu wa sentimita 10, basi kila mita mraba ina vifundo 160,000, na zulia la mita mbili kwa tatu lina 960,000. Mfumaji mwenye kasi ya vifundo 8,000 kwa siku atalifanyia kazi siku 120 mfululizo, na hapo msongamano wa vifundo ni wa wastani tu: zulia la kale la Pazyryk, lililochimbuliwa mwaka 1949 katika milima ya Altai na ambalo umri wake unapita miaka 2,300, lina takriban vifundo 360,000 katika kila mita mraba. Zulia jekundu nilitajiwa milioni mbili na nusu, na kabla sijafika mlangoni bei ikawa laki saba. Kazi ya miezi minne ya mtu mzima, pamoja na sufu, ushuru na usafiri hadi Tabora, haiwezi kushuka kiasi hicho ikabaki na faida.

Lebo nayo, kwa tarakimu zake, ilikuwa imesema ukweli ambao kijana hakuusoma. Lebo zinazotaja tarakimu kama 700 na 2550, au 1200 na 3600, ni za mazulia ya mashine ya Iran, kwa sababu tarakimu hizo hupima wingi wa nyuzi kwa mita kwenye upana na kwenye urefu, jinsi viwanda vinavyoupanga. Kashan, mji ambao ustadi wake wa ufumaji wa mkono uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2010, uko pia katika eneo lenye viwanda vingi vya mazulia. Kwa hiyo neno "Kashan" kwenye lebo halithibitishi lolote juu ya mkono. Yale ya Uturuki nayo, sehemu kubwa hutoka katika viwanda vya Gaziantep.

Kwa upande wa malighafi, kijana alikubali niung'oe uzi mmoja pindoni na kuuchoma nje. Uliyeyuka ukawa shanga ngumu yenye harufu ya plastiki. Sufu ingenuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Pale dukani palikuwa pia na mazulia mawili yaliyoitwa ya hariri, lakini uzi wake ulikuwa viskozi, hariri ya bandia ya kiwandani, ambayo hung'aa vizuri lakini huungua kama karatasi na hudhoofika ikilowa. Zulia la viskozi usilinunue kwa nyumba yenye watoto.

Aina ambayo ningependa watu waiogope zaidi ni ile iliyobandikwa kitambaa mgongoni. Hapo mtu hushika bunduki ya kuchomekea nyuzi kwenye turubai, kisha hupaka gundi na kufunika mgongo. Muuzaji akisema imepita mikononi mwa mtu hasemi uongo, lakini hakuna hata kifundo kimoja. Gundi hukauka kwa miaka, ikaanza kumwaga unga mweupe sakafuni, na manyoya yakalegea. Mgongo uliofunikwa ni mgongo usioweza kuchunguzwa, na hilo pekee linatosha kukufanya uliache.

Mzee mwenye duka, alipoona ninavyochunguza, alinikaribisha ndani. "Mwanangu, kama unatafuta la mkono, ni hili moja tu," akasema, akakunjua mswala mdogo wa Kibaluchi uliokuja na jamaa zake kutoka Muscat. Wabaluchi wa Afghanistan magharibi na Iran mashariki ni watu wa jamii moja na wale askari walioajiriwa na Sultani wa Zanzibar, ambao waliusindikiza msafara wa mpelelezi Mwingereza Richard Burton hadi Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, mwaka 1857. Mswala ulikuwa mwekundu uliokoza na buluu karibu na nyeusi, mtande wake wa sufu, ncha zake zikimalizikia kwa kipande kilichofumwa bila manyoya, na mgongoni vifundo vilihesabika. Niliusugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, na rangi haikuchuja. Ndicho kitu bora nilichokiona dukani, na mzee alikitajia bei moja asiyoishusha.

Mwishowe nilinunua zulia jekundu kwa laki sita, na nimeridhika nalo. Kwa vumbi la kiangazi la Tabora, zulia la plastiki hukung'utwa uani, hufutwa chai iliyomwagika, wala nondo hawalitaki. Angalizo ni kwamba juti ya mgongoni isiloweshwe, kwa kuwa maji huidhoofisha na kuleta madoa ya kahawia usoni. Kwa bei hiyo zulia nalipatia alama nne kati ya tano. Kwa milioni mbili na nusu nisingelipatia hata moja. Huduma ya kijana naipa nne, na maelezo yake mbili. Kwa atakayeambiwa zulia ni la mkono, aombe muuzaji aandike kwenye risiti "limefungwa vifundo kwa mkono, sufu" pamoja na vipimo. Yule kijana, nilipomwomba hivyo, aliandika "kapeti, 2 kwa 3".