Anti-HBs au anti-HBc: ipi inajua ya zamani?

Ukitoka maabara hapa Nairobi na karatasi ya homa ya ini B, unaweza kukuta mistari miwili yenye majina kama ya mapacha: anti-HBs na anti-HBc. Si kitu kimoja.

Anti-HBs ni kingamwili ya ganda la kirusi. Ikifika 10 mIU/mL au zaidi baada ya chanjo, una kinga. Ila kinga hiyo huletwa na chanjo, na pia na ugonjwa uliopona. Peke yake haikwambii ulipitia njia gani.

Anti-HBc, kingamwili ya kiini cha kirusi, ndiyo yenye umbea wote. Chanjo hubeba protini ya ganda tu, haina kiini. Kwa hiyo mwili hautengenezi kingamwili ya kiini mpaka ukutane na kirusi chenyewe. Kwa kawaida hudumu maisha yote. Lakini haikingi, wala haisemi kama umepona: hapo utahitaji HBsAg, kipimo cha protini ya ganda lenyewe, kinachoonyesha kama kirusi bado kimo mwilini. Na ikitoka chanya peke yake, huenda ni kosa la kipimo, hivyo daktari anaweza kuirudia.

Kama ningekuwa na pesa ya kimoja tu kujua yaliyopita, ningelipia anti-HBc.