Kikundi cha kuchangamsha akili ya wazee hapa Ujiji, nimempeleka baba wiki saba

Vipindi 14, mara mbili kwa wiki. Baba kakosa kimoja tu, siku presha ilipopanda. Naandika kwa sababu najua hapa Kigoma kuna nyumba nyingi zina mzee aliyepata stroki, mwili umerudi lakini mwenyewe haeleweki, na majirani washaanza kusema karogwa.

Baba alikuwa fundi wa injini kwenye MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, miaka mingi. Stroki ya kwanza ilimlegeza mkono wa kushoto, ukarudi, tukamshukuru Mungu na dawa za presha tukaziacha, hilo kosa ni letu watoto wake. Ya pili haikumpooza popote ila toka hapo akabadilika. Majina ya wajukuu anayajua wote. Lakini ukimuuliza kitu anakuangalia tu, anaweka majani ya chai kwenye sufuria kavu alafu anasimama pale hajui kinachofata, na anaweza kukaa kibarazani toka asubuhi mpaka magharibi hajasema neno. Tulienda kupiga picha ya kichwa Mwanza, daktari akatwambia mishipa midogo ya damu kwenye ubongo imeharibika, na kwamba ugonjwa huu unaweza kushuka kama ngazi, mtu anatulia mda mrefu alafu anashuka hatua nzima kwa mpigo. Kidonge cha kurudisha kilichopotea hakuna. Cha kufanya ni kushika presha na sukari isimshushe tena, na kumchangamsha, asiachwe akae tu.

Hapo kwenye kumchangamsha ndo tukaambiwa kuhusu hiki kikundi. Wazee saba, nesi mmoja na msaidizi wake, dakika 45 hivi. Utaratibu wenyewe ulitengenezwa Uingereza na Aimee Spector na wenzake, mwaka 2003 wakatoa majibu ya watu 201, waliohudhuria walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili na maisha yao yakawa na unafuu kuliko wasiohudhuria. Kwetu Tanzania ushajaribiwa kule Hai, Kilimanjaro, wakaurekebisha maana wazee wetu wengi hawakusoma, huwezi kumpa mtu karatasi na kalamu wakati maisha yake yote kafanya kazi kwa mikono. Niseme pia kwamba tafiti nyingi ni za dimensia kwa jumla, yaani akili kupungua kwa ugonjwa wa ubongo, za hii ya mishipa kama ya baba peke yake ni chache, kwahiyo sikwenda nikitegemea muujiza.

Kila kipindi kina mada. Leo chakula, kesho utoto, siku nyingine sauti, pesa, picha za watu na sehemu. Wanaanza na wimbo wao, wa kwetu walichagua wa wavuvi wa kuvuta nyavu, na kwenye ubao kuna siku, mwezi na hali ya hewa. Siku ya chakula nesi alileta chupa mbili bila kusema kitu, moja mawese moja mafuta ya mise, yale ya kokwa ya chikichi. Zikazunguka mkono kwa mkono. Baba akafungua ile ya mise, akanusa, akaipaka kidogo kwenye kidole gumba akakisugua, alafu akasema "haya ya sabuni haya, nani kayaleta kwenye chakula?" Wazee wote wakaanza kuongea kwa pamoja, mama mmoja wa Gungu akaeleza chikichi zinavyochemshwa na kutwangwa mpaka nesi akamwomba apumzike. Mi nilikuwa dirishani, na ile sauti ya baba nilikuwa sijaisikia toka mwaka jana.

Kilichonifunza zaidi ni kusubiri. Siku ya picha walionyesha Liemba, nesi akamuuliza "shikamoo mzee wangu, katika bandari zote ipi ulikuwa unaipenda?" Kimya. Ningekuwa mimi nyumbani ningeshamjibia. Nesi akakaa tu anamwangalia usoni, wenzake nao wakanyamaza, ikapita karibu dakika nzima, kisha baba akasema "Kasanga. Tukifika pale injini tunaipumzisha, tunakula samaki wa moto." Jibu lilikuwepo siku zote, linatembea polepole tu, na sisi nyumbani tulikuwa tunamfungia mlango kabla halijafika. Na lile swali halikuwa la kukosa au kupata. Ndo msingi wao, unamuuliza mtu anaonaje, humpi mtihani.

Sasa wiki ya nne nesi hakuwepo, msaidizi akaendesha peke yake, akaanza kuwauliza mmoja mmoja "leo tarehe ngapi, Rais wa kwanza nani", akawa anawaita babu na bibi kama watoto wa chekechea. Baba akafunga mdomo mpaka mwisho, kwenye bajaji akaniambia harudi tena. Iliniuma sana. Nilimweleza nesi, akampigia baba simu mwenyewe akamwomba radhi, na toka siku hiyo msaidizi hakuachwa peke yake. Mwanzoni pia walipanga saa tisa na nusu mchana, inagongana na alasiri na wazee washachoka, tukalalamika wakahamishia saa nne asubuhi. Mpaka leo kuna ngazi tatu za kuingilia ukumbini hazina cha kushika, kwa mtu aliyepata stroki hilo ni jambo kubwa, nalisema hapa ili lifanyiwe kazi.

Tulilipa elfu tatu kwa kipindi, na bajaji juu yake. Kwangu imestahili. Chai bado hawezi kuipika peke yake, pesa ya chenji bado inamchanganya, na dawa za presha tunampa kila siku bila kuruka maana daktari alisema bila hizo kikundi peke yake hakitasaidia. Ila saivi anamuuliza mdogo wangu habari za ziwa, anabishana kuhusu bei ya migebuka, na usiku mama ana mtu wa kuongea nae.

Ukimpeleka mzee wako, vipindi viwili vya kwanza kaa nae ndani kama atataka, mpe miwani yake na asikie vizuri, na usimjibie. Wa kwetu sasa wanaingia awamu ya pili, mara moja kwa wiki kwa wiki 24, inaanza Alhamisi. Baba kashaniuliza mara mbili kama ile shati yake ya bluu imefuliwa.