Koneta ya tenki kwenye mfuniko wa ndoo: uzoefu wangu wa kuziba ndoo ya bia hapa Moshi

Wakuu salama. Kuna watu kila wakija kwangu wakaikuta ile ndoo inatoa mapovu pembeni ya kabati wananiuliza nimeizibaje, basi ngoja nimwage yote hapa nisiwe narudia rudia.

Naongelea bia ya kunywa mwenyewe na washkaji, ya kuuza ina leseni yake na siyo mada ya leo. Na siyo mbege pia, ile pombe yetu ya ndizi ya Kichagga. Mbege haina haja ya haya mambo, inakaa kwenye pipa imefunikwa tu, inachachuka haraka na inanyweka ikiwa bado inafurukuta, ikilala sana imeshakuwa kali na kila mtu anajua. Bia ya shayiri inakaa ndooni wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi, na shida yake haipo mwanzoni, mwanzoni gesi inatoka kwa nguvu inasukuma hewa yote nje hata ukifunika na sahani. Shida ni huku mwishoni, hamira imetulia, gesi imepungua, hewa inaanza kuingia taratibu, na vile vidudu vinavyotengeneza siki vinachotaka ni hewa tu. Ndo maana kuna mtu anakwambia bia yangu ilikuwa tamu kabisa wiki ya kwanza halafu sijui ikaingiwa na nini.

Ndoo yangu ni ile ya mafuta ya kula ya lita 20, used, nimeitoa Mbuyuni kwa mama mmoja anauza ndoo na madumu. Geuza chini uangalie ile pembetatu ya aina ya plastiki, namba 2 au 5 chukua, ndoo ya rangi iache hata kama imeoshwa inang'aa. Halafu fungua mfuniko uangalie ule mfereji wa pembeni, lazima uwe na mpira mzima wa duara. Hapa ndo watu wanapopigwa, ndoo nyingi za used mpira umeshang'olewa na muuzaji hakwambii, nilimwambia mama naomba nichambue mifuniko akanijibu "chambua baba, lakini ukitoka hapo unipangie kama ulivyovikuta". Nikapata. Ukifika home osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mpaka ukipitisha kidole hakitelezi, maana mafuta yakibaki bia yako haitashika povu hata kidogo.

Sasa kuziba. Kuna duka moja la hadwea hapa mjini wamenipa tyubu ya silikoni ya madirisha ya alumini kwa maneno matamu eti inashika kila kitu duniani. Jamani haishiki. Hizi ndoo ni plastiki ambayo karibu gundi zote zinaikataa, silikoni ikishakauka unaivuta na ukucha inatoka nzima kama utando wa maziwa. Na wakati inakauka inatoa harufu kali ya siki, halafu nyingine zimewekwa dawa ya kuzuia ukungu kwa ajili ya mabafuni, sasa hiyo unaitaka juu ya bia ya nini? Superglu hivyo hivyo, inakauka inakuwa ngumu, mfuniko ukijikunja kidogo tu imepasuka.

Kilichonitoa ni koneta ya tenki ya nusu inchi, ile ile fundi bomba anaifunga kwenye simtanki. Yenyewe haina habari na gundi, inabana mpira kati ya kola na nati basi. Tundu lake ni milimita 21 au 22, usichome na msumari wa moto kwa sababu kingo zinavimba na washa, yaani huo mpira wa kubana, haikai flati, mpelekee fundi mwenye drili atoboe, na umwonyeshe sehemu ya mfuniko isiyo na mistari iliyonyanyuka. Cha kuangalia kingine, mfuniko ni mwembamba kuliko ukuta wa tenki, unaweza ukakaza nati mpaka meno yakaisha na bado inacheza, hapo unaongeza washa nyingine ya mpira, moja ndani moja nje. Kuna jamaa wanakata washa kwenye ndala za zamani, inaziba kweli sikatai, ila ile sponji inakunywa harufu na haisafishiki. Tyubu ya baiskeli nayo inaziba, ila inanuka mpira. Washa za dukani ni hela ndogo sana, nunua.

Juu ya koneta unafunga kile kipande chenye meno cha kuvalishia mpira, uzi wake uzungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba, kisha unavalisha ule mpira wa kuonekana ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia levo. Ncha ya pili inazama kwenye chupa ya maji, au kitu bora kuliko maji nitakachosema chini. Basi, gesi inatoka, hewa hairudi.

Mpira wa dripu wa duka la dawa msiutumie peke yake, najua ni rahisi na ni msafi. Shemeji yangu wa Sakina kule Arusha ndo alikuwa anautumia, ndoo kaijaza mpaka juu, povu likapanda na makapi yake likaingia kwenye kale katundu kembamba likaziba, usiku mfuniko ukaruka ukagonga silingi bodi, dada akaamka anapiga kelele mwizi. Kilo moja tu ya sukari ikichachuka yote inatoa zaidi ya lita 250 za gesi, lazima zipite mahali. Mimi kwenye ndoo ya 20 naishia lita 15 au 16, povu lipate pa kupumulia.

Kabla hujaweka bia pima na maji. Funga kila kitu, zamisha mpira kwenye chupa, weka kiganja katikati ya mfuniko ukandamize taratibu. Mapovu yatatoka kwenye chupa. Achia polepole, utaona maji yanapanda ndani ya mpira, na ndoo ikiwa imeziba kweli yanabaki pale pale yaliposimama. Yakianza kushuka hata kidogo kidogo kuna mahali panavuja, chukua povu la sabuni upake kuzunguka nati na ukingo wa mfuniko kama unavyokagua mtungi wa gesi, ukikandamiza tena patajionyesha. Kwangu palikuwa panavuja kwenye ukingo, siyo kwenye koneta, nikatoa ule mpira wa duara nikaulowesha maji ya moto ukalainika, nikaurudisha, kimya.

Hayo maji kupanda ndo yanafanya niseme kwenye chupa usiweke maji ya bomba. Usiku ukipoa, hasa hii Juni na Julai ubaridi ukishuka kutoka mlimani, gesi iliyo ndani inasinyaa na kinachokuwa kwenye chupa kinavutwa kuelekea kwenye bia. Weka Konyagi kidogo, ikivutwa matone mawili matatu haidhuru kitu. Na chupa iweke chini kuliko ndoo.

Halafu msipaniki mapovu yasipoonekana. Kama mfuniko unavuja kidogo gesi inapita huko na bia inaendelea na kazi yake kama kawaida, mwenye haidromita, kile kipimo cha kuona sukari iliyobaki, apime, asiye nayo aonje.

Wale wa dumu la lita 20 kulegeza kizibo nusu raundi, kwa siku za mwanzo sawa, lakini hujui lini umelegeza sana na lini umekaza sana, na ndani ya dumu mkono hauingii kusugua. Mimi siwezi.

Koneta, washa, kipande cha meno na mita moja na nusu ya mpira havikufika elfu kumi na tano, naipa nne kwa tano. Ile moja nimekata kwa sababu mbili. Kila ukimaliza lazima ufungue koneta yote, kwenye meno ya uzi uchafu unajificha, uloweke kwenye maji ya jiki kisha usuuze na maji yaliyochemshwa. Ya pili ni kufungua mfuniko wenyewe, unabana kiasi kwamba mtu anakimbilia bisibisi, na bisibisi ikishakwaruza ukingo wa ndoo hata ubadilishe mpira hautaziba tena. Tumia mpini wa mwiko, zunguka nao kidogo kidogo pande zote.