Coaster ya kukodi Mtwara hadi Dar kwa timu ya washairi: ichukueni, ila baneni makubaliano kabla ya kutoa advansi

Mshairi wa Mtwara au Lindi anayekwenda Dar kushindana kwenye slam ya taifa, yaani mashindano ya kusema mashairi jukwaani kwa alama, ana njia tatu za kufika: basi la alfajiri, Noah ya watu saba, au Coaster ya kukodi pamoja na dereva wake. Tunayoipima hapa ni hiyo ya tatu, ambayo wenye magari wa kusini huitoa kwa maelewano ya simu, bila ofisi, mara nyingi bila hata karatasi. Neno letu ni kwamba kwa timu inalipita basi kwa mbali. Gari lenyewe ni la kawaida tu. Kinacholipiwa ni zile saa kumi ambazo watu wanaoandika kila mmoja kivyake, mmoja Newala, mwingine Masasi, wawili Mtwara mjini na mmoja Lindi, wanakaa pamoja na kusikilizana. Kwa timu nyingi za huku hayo ndiyo mazoezi pekee ya wote kabla ya jukwaa.

Asiyeijua slam aelewe kwanza kinachoshindaniwa. Mchezo huu ulianzia Chicago kwa Marc Smith katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1990 Wamarekani wakafanya mashindano yao ya kwanza ya taifa mjini San Francisco. Kanuni zilizoenea kutoka huko zinasema shairi liwe la kwako mwenyewe, usipige ala, usivae vazi la maigizo wala kushika kifaa, na umalize ndani ya dakika tatu. Unaongezewa sekunde 10 za huruma. Ukizipita, unakatwa nusu alama kwa kila sekunde 10 zinazofuata. Waamuzi watano huchaguliwa palepale miongoni mwa watazamaji, kila mmoja anatoa alama kati ya 0.0 na 10.0, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa. Timu ni watu wanne au watano. Waandaaji hubadilisha hiki na kile, kwa hiyo ombeni kanuni kwa maandishi kabla ya kuondoka. Nusu alama inaonekana ndogo mpaka uone raundi inaamuliwa kwa sehemu moja ya kumi.

Hapo ndipo washairi wetu wa arudhi, wale wa vina na mizani, wanapoumia. Ubeti wa kawaida una mistari minne ya mizani (silabi) 16, jumla mizani 64. Ukiughani kwa mahadhi unakula kama sekunde 25 hadi 28. Ukiusema kwa mwendo wa mazungumzo ni sekunde 16 hivi. Kwa hiyo shairi la kughani liishie beti sita, na la kusema lisizidi beti tisa au kumi, maana makofi na vigelegele navyo vinahesabiwa ndani ya muda wako. Mtu aliyezoea kupewa kipaza sauti kwenye sherehe akamwaga beti 14 hawezi kujipunguza peke yake. Kila ubeti anauona ni mtoto wake. Wenzake ndio wa kumpunguzia, na gari ndipo mahali pake. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: mwenye shairi anaghani lote, simu ikiwa imewashwa saa ya kupimia, kisha kila mwenzake anataja ubeti mmoja tu anaoona unaweza kutoka. Ukitajwa na watatu, unatoka. Baada ya hapo mtu mmoja anasoma kilichobaki polepole kuangalia kama kibwagizo bado kinaeleweka, maana mara nyingi ubeti uliotoka ndio uliokuwa ukikieleza.

Msiuamini muda mnaoupima gari likitembea. Mtu akishindana na mngurumo hupaza sauti, na akipaza sauti huvuta pumzi mara nyingi zaidi, shairi linarefuka; mwingine kinyume chake, mitikisiko inamkimbiza na analimaliza mapema kuliko atakavyolimaliza jukwaani. Tofauti ya sekunde 10 hadi 15 ni ya kawaida kabisa. Garini fanyeni kazi ya kukata, kujibizana na kukariri. Kipimo cha mwisho cha muda kifanyike gari limesimama na injini imezimwa, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua Coaster. Basi likisimama ni kuchimba dawa na kula haraka, konda anapiga kelele watu warudi. Coaster ya kwenu inasimama dakika 40 kwenye kivuli cha mwembe, watu watano wakasimama wakasema mashairi yao kwa sauti kamili mbele ya watoto wa kijiji waliokuja kushangaa. Hakuna hadhira ya kweli kuliko hiyo, wakichoka wanaondoka.

Kuhusu gari lenyewe. Coaster nyingi zinazokodishwa huku ni za dizeli, injini iko mbele karibu na dereva. Kiti cha pembeni yake ambacho kila mtu anakigombania kina joto na kelele, na anayekaa hapo akapiga stori na suka kwa saa kumi anafika Dar sauti imekwaruza. Mpeni mtu asiyepanda jukwaani: meneja wa timu, au shabiki. Safu ya nyuma kabisa iko nyuma ya ekseli, kila tuta linamrusha aliyekaa pale, na anayesoma daftari hapo atatapika kabla ya Lindi. Safu za katikati ndizo za washairi. Vile viti vya kukunja vya kwenye njia ya kati visifunguliwe kabisa kama idadi inaruhusu, ili watu waweze kugeuka na kuhama. Kipozahewa, kama kipo, kisielekezwe usoni mwa mtu wa kughani, kwa sababu hewa kavu inakausha koo. Dirisha wazi ni zuri zaidi, isipokuwa kwenye michepuko ya vumbi.

Ukubwa wa gari ndio unaowaletea watu hasara. Coaster inabeba watu 25 na zaidi kidogo, na timu ya watano ikiikodi peke yake itajuta. Inalipa pale timu mbili au tatu za kusini zinapoungana na mashabiki wao. Hapa watu husitasita: utasafiri vipi na mnayekwenda kushindana naye? Kwa uzoefu wa jambo hili, safari za pamoja ndizo zinazotoa mashairi makali zaidi, maana mshairi anasikia kiwango cha mwenzake mapema na kurekebisha. Ushairi wetu umekuzwa kwa malumbano tangu zamani. Kujibizana na mtu kisha mkala sahani moja si kitu kigeni kwa mtu wa pwani. Kila timu ifiche mpangilio wake tu, yaani nani anaanza na nani anafunga, kwa kuwa huo ndio ujanja wenyewe wa raundi.

Michango nayo ipangwe kwa haki. Anayeshuka kutoka Newala au Tandahimba ameshalipa nauli na pengine kulala Mtwara, kwa hiyo fungu lake lipunguzwe. Wa Masasi asihangaike kufika Mtwara. Barabara yake inakutana na yenu Mingoyo, pale Mnazi Mmoja, asubirie hapo. Wa Lindi anapandia barabarani.

Sasa makubaliano na mwenye gari, ambayo ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii. Bei atakayoitaja kwenye simu karibu kila mara haina kitu fulani ndani yake. Muulizeni mafuta ni ya nani. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na kwa Coaster iliyojaa hesabuni kilomita sita kwa lita, yaani lita 90 na ushee kwenda, na hizohizo kurudi, bila mizunguko ya mjini. EWURA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kikomo mpya ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Safari ikivuka siku hiyo, andikeni mapema nani anabeba ongezeko. Muulizeni pia dereva wa pili, na mkatae jibu la "huyu amezoea". Kwenye mwendo wa saa kumi mtu mmoja hatoshi. Gari ambalo kazi yake ni daladala lazima liwe na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha kutoka nje ya njia yake, na mkione kwa macho, kwa sababu likikamatwa njiani watakaobaki barabarani na madaftari yao ni nyinyi. Angalieni tairi la akiba na jeki siku moja kabla. Tairi la akiba lipigwe ngumi, maana wakati mwingine lipo na halina upepo.

Halafu kuna vichwa. Dereva akiona viti vitano vitupu atataka kuokota abiria Kilwa au Kibiti, na mwingine atapakia magunia ya korosho au ndoo za samaki za ndugu yake. Mazoezi yanakufa hapo hapo. Hakuna mtu atakayeghani shairi lake jipya mbele ya abiria anayetafuta usingizi. Andikeni kwamba gari halibebi mtu wala mzigo usio wa kwenu. Advansi isizidi nusu, na iliyobaki ilipwe mkifika, siyo mkiwa kituo cha mafuta Mtwara.

Ratiba tunayoipendekeza ni kuondoka saa 11 alfajiri. Mwendo wa gari la abiria ni kilomita 80 kwa saa, vijijini 50, na tochi za trafiki ziko nyingi, kwa hiyo msimshinikize dereva. Mkitoka muda huo mnafika Mingoyo karibu saa 12 na nusu, Lindi saa 1, Nangurukuru kati ya saa 4 na saa 4 na nusu. Kipande cha Lindi hadi Nangurukuru ndicho kizuri kwa kazi ya kukata beti. Watu wameamka, joto halijapanda. Somanga ndiko kwa samaki wa kukaanga, na ndiko mahali pazuri pa kusimama muda mrefu. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji mtalivuka mchana. Lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake safari hii ilikuwa ni kusubiri pantoni pale Ndundu. Vijana wawaulize wazee. Kutoka Kibiti waacheni watu walale. Lengeni kuingia Mbagala kabla ya saa 10 jioni, la sivyo foleni inakula saa nzima mliyokuwa mmeitenga kwa kupumzika.

Wakati wa masika ongezeni siku nzima. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara hii eneo la Somanga na magari yakakwama. Mashindano yakiwa Jumamosi na mvua zinanyesha, ondokeni Alhamisi. Ukifika raundi ya kwanza na miguu imevimba na usingizi machoni, hata shairi zuri linasomwa kama tangazo la msiba.

Chakula chukueni cha nyumbani kwa asubuhi: chapati, mayai, mihogo. Maji yanywewe kidogo kidogo, yasiwe ya baridi sana. Korosho zisubiri baada ya jukwaa, kwa sababu chengachenga zake zinabaki kooni na zinaleta kikohozi pale unapovuta pumzi ya ubeti wa pili. Muziki wa gari uzimwe kipande chote cha asubuhi. Hili nalo dereva aambiwe mapema na kwa heshima, maana ni gari lake na yeye ndiye anayewafikisha.

Basi linabaki kuwa sahihi kwa mtu mmoja au wawili. Nauli yake inajulikana, muda wake unajulikana, likiharibika kampuni inatafuta jingine. Hasara yake ni kwamba mnapewa viti vilivyotawanyika, filamu inapigwa kwa sauti hadi Dar, na mnafika mkiwa watu watano waliosafiri siku moja tu. Jukwaani inaonekana, hasa kwenye shairi la kundi, ambapo wanne wanatakiwa kuvuta pumzi pamoja na kuingia kwenye kibwagizo bila kuhesabiana kwa macho.

Jambo la mwisho la kuandika kwenye makubaliano ni siku gari linapolala Dar. Wenye magari hutoza kila siku ya kusubiri, na timu nyingi hukubaliana siku mbili kisha zikafika fainali ya siku ya tatu zikiwa hazina usafiri. Pangeni bei ya siku tatu tangu mwanzo. Timu itakayotolewa mapema isidai kuondoka usiku huohuo. Ibaki kuwashangilia wenzake wa kusini waliovuka, kwa kuwa ndio waliowakatia beti zao njiani, na fungu la siku hiyo ya ziada liwe limeshakusanywa kabla gari halijawashwa Mtwara.