Kitabu cha rafuni au nakala ya mtandaoni?

Kwa makala za majarida sibishani na mtu: mtandaoni ndiko kwenyewe. Hifadhidata kama JSTOR, iliyoanza mwaka 1995, ina matoleo ya zamani ambayo yangejaza vyumba vizima, na unatafuta neno moja ndani ya maelfu ya kurasa kwa sekunde chache. Chuo kikiwa kimelipia, unaingia kwa akaunti yako ya mwanafunzi hata ukiwa chumbani.

Kitabu kizima ni habari nyingine. Vitabu vya kielektroniki vina masharti ambayo wengi huyagundua usiku wa kuamkia mtihani: leseni nyingine huruhusu msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja, na kurasa za kupakua zina kikomo. Cha karatasi unakiazima kwa wiki kadhaa, nacho hakihitaji umeme wala intaneti. Tena rafu ina neema yake. Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, huweka vitabu vya mada moja pamoja, kwa hiyo ukifuata namba ya kimoja unakutana na majirani zake ambao hukujua kama wapo. Marejeo yangu bora niliyapata hivyo, nikiwa nimesimama.

Vitabu vya kiada vinavyoazimwa kwa saa chache tu, hapo nakala ya mtandaoni inashinda, kama ipo. Isipokuwepo, mwone mkutubi mapema. Mara nyingi anaweza kukuombea kitabu kutoka maktaba nyingine.